Sikuitia Jicho Gari ya Bwana Seif

Jamaa zangu, nyinyi mlioko Dar na nyinyi mlioko Maskati, kila mmoja kaniletea salamu, na mwisho wa salamu kaniuliza swali moja: ni kweli umetaka kuivunja harusi ya dada yako kwa jicho lako? Wengine mmeuliza kwa kucheka. Mimi sicheki. Maneno hayo kayaeneza Bwana Seif mwenyewe, baraza hadi baraza, kutoka Malindi mpaka Vuga. Juzi nimekwenda sokoni kununua samaki, muuzaji aliponiona akamfunika changu wake kwa gunia. Samaki aliyekwisha kufa, nimtie jicho afe tena? Basi leo nimeisogeza cherahani pembeni ili niwaandikie safari nzima ilivyokuwa, na mkishasoma mnihukumu wenyewe.

Mnajua kwamba Salma ni dada yangu wa baba mmoja mama mmoja, na kwamba wazee wetu wote wametangulia mbele ya haki. Yeye alilelewa Mkokotoni kwa bibi, mimi nikabaki mjini na kazi yangu ya ushoni. Baba hayupo, babu hayupo, kwa hiyo walii wake ni mimi. Alipokuwa mdogo aliwahi kuniuliza, "Baba keshakufa, mimi nani ataniozesha?" Nikamwambia, mimi. Ndoa ilipangwa iwe Mkokotoni baada ya sala ya adhuhuri, na mtu akitoka mjini asubuhi hufika mapema mpaka akachoka kukaa.

KUTOKA DARAJANI MPAKA BUBUBU

Ningepanda basi la asubuhi, mambo yote haya yasingekuwapo. Lakini Bwana Seif, mjomba wake bwana harusi, alikwisha kula kiapo kuwa walii hafiki Mkokotoni kwa basi na yeye ana gari. "Walii wetu atakwenda kiheshima," alisema mbele za watu. Ukitukuzwa hivyo na watu unaowapa dada yako, utasema hutaki? Nikavaa kanzu mpya niliyoishona kwa mkono wangu, nikatoka vichochoroni, nikasimama Darajani kama tulivyoagana.

Gari ilikuwa imeshuka melini kutoka Dubai mwaka huuhuu. Kubwa, nyeupe, ngazi yake ya kupandia inataka mtu ashike kanzu kwa mkono mmoja na roho kwa mkono wa pili. Mbele ina machuma ya kukingia wanyama wa porini, na mimi sijui Unguja hii Bwana Seif alitazamia kukumbana na simba gani. Tulikuwa watu wanne. Bwana Seif alishika usukani, dada yake mkubwa, Bi Zuwena, alikaa pembeni yake, na nyuma tulikaa mimi na Fundi Juma, ambaye ndiye anayeiangalia gari hiyo tangu ilipofika.

Kabla ya kuondoka Bwana Seif alifungua boneti akapitisha chetezo cha ubani juu ya injini, huku anasoma. Halafu akawasha. Lo! Mlio uliotoka mbele ya injini ulikuwa kra-kra-kra-kra, kokoto ndani ya kopo, ukaendelea hivyo kidogo halafu ukafifia wenyewe. Watu wote waligeuka. "Mashaallah!" akasema muuza machungwa. "Mashaallah, gari hiyo!" akasema mchukuzi mmoja. Nikamtazama Fundi Juma usoni. Fundi Juma akatazama dirishani akasema, "Mashaallah."

Mimi si fundi wa magari. Lakini mtu aliyekalia cherahani umri wake wote anaujua mlio wa kitu kilicholegea. Nikauliza kwa adabu, "Bwana Seif, mlio ule ndivyo ulivyo?"

"Huo mnyororo wa ndani," akasema, na akafurahi nimeuliza. "Gari za watu wengine zina mkanda wa mpira, unakatika. Hii ina mnyororo wa chuma. Yule aliyeniuzia kanambia mnyororo haukatiki maisha. Asubuhi unajinyoosha tu, kama wewe unavyojinyoosha kitandani."

"Na oili umebadilisha?"

"Oili ya Dubai haibadilishwi badilishwi, yakhe. Ikiwa nyeusi ndiyo imekolea."

Fundi Juma alikuwa akisikia. Alikohoa. Nikadhani anataka kusema kitu, kumbe ubani ulimpalia.

Tukaondoka, ikiwa kuondoka ndiko kule. Kila baraza yenye watu watatu, Bwana Seif alipunguza mwendo akapiga honi. Bububu alisimama kabisa katikati ya njia akazungumza na watu kupitia dirishani, na wote wakaizunguka gari wakaipapasa ubavu wakisema mashaallah. Hakuna hata mmoja aliyesema kitu kingine. Nami nilikuwa nikiliangalia jua.

MANGAPWANI, AMBAKO HATUKUWA NA HAJA YA KWENDA

Njia ya Mkokotoni inakwenda moja kwa moja Mahonda. Bwana Seif akakata kushoto.

"Tunakwenda wapi?" nikauliza.

"Mangapwani, kwa wakwe zangu. Tunawapitia tu, hatukai."

Nyinyi ni watu wa huku, mnajua "hatukai" ni muda gani. Mkeka ulikwisha tandikwa. Mama mkwe wake alikuwa amepika pweza wa nazi na mikate ya kumimina, na chai ya mdalasini iko jikoni. Nikasema kwa upole kwamba mimi ni walii, nnasubiriwa. Yule bibi akanishika mkono. "Mwanangu, walii asiyekula ataozesha kwa nguvu gani? Kaa." Nikakaa. Pweza alikuwa mtamu, sitamsingizia, na nilimla kwa hasira mpaka nikaomba tena. Bwana Seif wakati huo yuko nje anawaonesha shemeji zake taa za mbele, mchana mweupe.

Tuliporudi garini akawasha. Safari hii kokoto hazikunyamaza upesi. Ziligonga na kugonga, boneti inatetemeka, kuku wakakimbia. Na wale watu waliosimama uani wakatazamana, mmoja akashika sikio, nikamwona kwa macho yangu, halafu wote kwa pamoja: "Mashaallah, mashaallah."

Hapo nikashindwa. "Bwana Seif," nikasema, "gari yako inaumwa. Usiipeleke mbali. Nitafutie baiskeli nende zangu."

Bi Zuwena akageuka kiti kizima. "Sema mashaallah wewe!"

"Mashaallah," nikasema, "inaumwa."

Ah! Ungedhani nimetukana. Mama mkwe akachukua mchanga akautupa nyuma ya gari kulifukuza jicho. Bwana Seif uso ukamwiva. Akakanyaga mafuta kwa ghadhabu, tukatoka Mangapwani mbio, na mlio ule ulikuwa nasi njia nzima. Ulikuwa haufifii tena. Bi Zuwena alikuwa akisoma sura ya Falaki ya kukinga husuda na kunipulizia mimi, si injini.

MAHONDA, ILIPOTUFIA

Tumeanza kuyaona mashamba ya miwa, ndani ya injini pakapiga kishindo kimoja, tak! Kisha hapakuwa na mlio wowote. Tukateleza kwa mwendo uliobakia mpaka kwenye mwembe wa njiani, gari ikasimama.

Bwana Seif hakufungua boneti. Hakumtazama fundi. Alinigeukia mimi. "Umefurahi?"

"Nimefurahi nini, na mimi ndiye nnayesubiriwa?"

"Gari imekwenda miezi yote hii, haijapata kusimama. Leo umeitia mdomo na jicho, mara imekufa. Watu wote wameisifu, wewe peke yako ndiye uliyeitoa kasoro."

Basi nikauliza, na nyinyi nnawauliza: katika ulimwengu huu, anayesema nyumba inavuja ndiye anayeleta mvua?

Likapita lori la mawe linakwenda Mkokotoni, pembeni ya dereva nafasi ya mtu mmoja. Nikalikimbilia. Bwana Seif akaniwahi. "Mwanamke mtu mzima asimame juani, wewe upande?" Haya, hapo nitasema nini? Nikampisha Bi Zuwena, nikamshikia mkoba, na nikamwambia wazi, dereva anasikia, "Bi Zuwena, tafadhali, waambie wanisubiri. Mwambie Sheikh, mwambie na ami yangu Khelef, nnakuja hata kwa miguu." Akasema, "Nitawaambia." Kumbukeni neno hilo.

Kisha wakaja watu wa Mahonda, na Bwana Seif akawasimulia. Kila anayekuja anasimuliwa upya, na kila akisimuliwa mimi nazidi kuwa mbaya. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alivuta kanga akamfunika uso. Nina watoto wa ndugu kumi na kitu mimi, wote nimewabeba, na leo mtoto anafunikwa mimi nisimwone! Ikapita pikapu, nikaipungia, dereva akasimama kwa uungwana. Mtu akamnong'oneza. Akanitazama, akaitazama pikapu yake. "Samahani, yakhe," akasema, "bado mpya," akaondoka.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Wakati huo ndio nilikuwa nitie mkono wangu katika mkono wa bwana harusi. Nikaomba maji nitawadhe. Bwana Seif akaja na beseni.

"Tawadha humu," akasema.

"Kwa nini humu?"

Mzee mmoja akanieleza kama anamweleza mgeni: aliyetia jicho huoga, na maji yake humwagiwa aliyetiwa. Nikamwambia nnaijua habari hiyo, naiamini, lakini ni ya mtu na mtu, injini haikuumbwa na nyama. Hakuna aliyesikia. Nikatazama jua, nikatazama njia tupu, nikasema liwalo na liwe, nikatawadha ndani ya beseni mbele ya kadamnasi. Bwana Seif akalichukua akayamwaga maji yote juu ya injini yenye moto. Moshi ulipanda mpaka kwenye matawi. "Bismillahi," akasema, akapiga stata.

Ikazunguka mbio, nyepesi, vruuu.

"Mnaona!" akapiga kelele. "Imekuwa nyepesi! Ilikuwa nzito, sasa nyepesi!" Watu wakapiga takbiri. Akapiga tena, na tena. Inazunguka tu, haishiki.

Hapo ndipo Fundi Juma, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe tangu tulipofika, alipoinuka. "Bwana Seif, wacha," akasema. "Nyepesi kwa kuwa hamna kitu ndani kinachoshikana. Mnyororo umeruka meno yake. Ndani huko kuna kidude kinausukuma usilegee, na kinapata nguvu kwa oili. Oili ikiwa tope, kidude hakisukumi, mnyororo unapiga ukuta. Ndiyo ile kokoto ya asubuhi. Sasa vyuma vya juu na vya chini vimepigana. Injini hii ya kufungua yote."

"Umejua sasa hivi?" nikamuuliza.

"Nshajua tangu kabla ya mfungo."

Wallahi nilihisi damu imenipanda. "Na asubuhi Darajani ukasema mashaallah! Kidude cha kubadilisha siku moja, ukakaa kimya mpaka injini nzima imekufa na mimi nimekaa njiani!"

"Bwana Sleiman," akasema, hana hata haya, "mtu kaleta gari yake mpya, mji mzima unaisifu, mimi niseme mbovu? Nionekane hasidi? Mimi nnataka kazi. Unaona wewe mwenyewe ulivyofanywa."

Nikaliokota beseni tupu lililotupwa chini, nikalitazama. Bwana Seif naye alikuwa akimsikiliza neno kwa neno. Mnajua akasema nini? "Basi jicho limeanzia kwenye kidude." Nikaenda kusali.

MAHONDA MPAKA MKOKOTONI

Aliyeniokoa ni Bwana Ramji, mwenye duka la vitambaa Mkokotoni, anayenunua nyuzi mtaa mmoja nami. Alikuwa akirudi kutoka mjini kwa vespa, na mbele miguuni ameweka jora la kitambaa. Akasimama kuuliza kuna nini, wakamwambia, akaangua kicheko.

"Fundi Sleiman, ndiye wewe uliyeua gari?"

"Ndiye mimi."

"Panda. Ila vespa yangu usiisifu wala usiiseme. Tazama mbele tu."

Nikalipakata jora, nikapanda. Njia ya Donge ilikuwa mashimo matupu na kila shimo Bwana Ramji alinieleza la mwaka gani. Kanzu yangu nyeupe ikawa na rangi ya udongo. Donge alitaka kusimama tunywe madafu, nikamwambia nitamlaani. Akacheka, akazidisha mafuta. Nilisema naye njia nzima, nilimtolea yote yaliyokuwa kifuani, ya pweza, ya beseni, ya mtoto aliyefunikwa. Yeye akanambia kitu kimoja: "Mimi mwezi jana nilimwambia mtu ukuta wake una ufa. Mpaka leo hanunui kwangu."

MKOKOTONI

Tuliingia Mkokotoni watu wanatoka kusali alasiri. Mbele ya msikiti nikawaona wazee wa upande wa bwana harusi wamesimama kimakundi, nyuso zimekunjana, na vijana wao wameanza kupandisha vitu kwenye basi. Ami Khelef, mdogo wa marehemu baba, alikuwa amevaa joho langu, lile la baba, nililolitanguliza kwa heshima ya siku.

"Sleiman!" akasema, ametoa macho. "Wewe si umekataa kuja?"

"Nani kasema?"

Bi Zuwena kasema. Kafika na lori la mawe, akawaambia kwamba walii hakuitaka ndoa hii toka asubuhi, kaitia gari jicho isifike, na kwamba kamwachia Ami Khelef aozeshe akitaka. Ndiyo "nitawaambia" yake hiyo. Ami masikini hana kosa, alidhani kanichukulia dhamana. Sheikh naye akaona, ikiwa kaka kampa ami uwakala, inajuzu. Nikaapa mbele ya msikiti kwamba sikumpa mtu uwakala, na Bwana Ramji akaapa kwamba aliniokota njiani nikilia. Sikuwa nikilia, lakini nikamwacha.

"Basi mbona haikupita?" nikamuuliza Sheikh. "Na mbona hawa wanaondoka?"

Sheikh akakuna ndevu. "Kwa sababu ya dada yako."

Akanieleza. Ami alikwenda na mashahidi wawili kwenye mlango wa chumba, kama inavyofanywa, kumuuliza bibi harusi kama anatoa idhini. Na mnajua mwari huulizwaje kwetu. Hulia kidogo, huinamisha kichwa, hasemi. Kimya chake ndiyo ridhaa yake. Hajapatikana mwari aliyejibu. Ami akauliza, na Salma, ndani, chini ya kanga, na chumba kimejaa wanawake, akasema kwa sauti iliyofika barazani: "Hapana."

Wakadhani hakusikia. Ami akarudia. "Hapana," akasema Salma. "Kaka yangu yu hai." Mara ya tatu Bi Zuwena mwenyewe akamwinamia akamwambia, nyamaza mwanangu, nyamaza tu, yaishe. Na Salma akajua kwamba akinyamaza ndiyo ameolewa, kwa mkono ambao si wangu. Basi hakunyamaza. Alisema hapana, hapana, hapana, mpaka mashahidi wakaondoka mlangoni wakiona haya. Watu wa bwana harusi wakasema mke mwenye mdomo kama huu hatumtaki. Kijana mwenyewe, Mbarouk, ndiye aliyewazuia. Alikaa kitako juu ya busati la msikiti, akawaambia basi liondoke, yeye ataondoka akishapata mke.

Nikamvua ami joho, nikalivaa juu ya lile vumbi. Nikaenda nyumba ya harusi, nikapita katikati ya wanawake bila ya kumtazama yeyote, maana nilichoka kutazamwa. Bi Zuwena alikuwa kizingitini, akajivuta pembeni akajifunika uso. Nikasimama mlangoni, mashahidi wawili nyuma yangu. Ndani nilisikia kikuku kimegonga kitanda, na pumzi ya mtu aliyelia mpaka akakaukiwa.

"Salma," nikasema, "ni mimi, Sleiman. Nimechelewa kwa sababu ya gari. Unanipa idhini nikuozeshe kwa Mbarouk?"

Hakujibu.

Nikarudia. Chumba kizima kiliacha kupepea. Nikauliza mara ya tatu, nikangoja. Salma, aliyekuwa kapiga kelele mchana kutwa, hakutoa hata neno.

Nikawageukia mashahidi. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema.